Hatunaye Tena

Simu ya wifi yake ilipoingia, Mama Pacha alikuwa amechuchumaa nyuma ya kabati la seva, kichwa kimezama kwenye nyaya, akitafuta waya mmoja uliokuwa ukilegea kila mara. Aliiona simu ikiwaka sakafuni, akaiacha. Wifi yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Msusi kwa sababu ya saluni yake, hakuwa mtu wa kupiga mara moja. Kama jambo lina uzito, atarudia. Na kweli akarudia, akarudia tena, mpaka simu ikaanza kutembea yenyewe sakafuni kwa kutetemeka.

"Wifi, niko kazini, nita..."

"Mama katutoka!"

Kilichofuata hakikuwa maneno. Kilikuwa kilio, na nyuma yake sauti za wanawake wengine, na mashine ya kukaushia nywele iliyokuwa bado inanguruma kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuizima.

Mama Pacha akakaa chini palepale, mgongo kwenye ukuta. Mama aliyetajwa ni mama mkwe wake, Bibi Cherehani, mshonaji aliyestaafu baada ya kuvisha sare watoto wa nusu ya mji. Wiki iliyopita alipanda stuli kumfukuza mjusi nyuma ya pazia. Mjusi akapona, yeye akavunjika mfupa wa paja. Upasuaji ulikwenda vizuri. Jana yake tu alikuwa akigombana na nesi kwamba mashuka ya hospitali yamepindwa na mtu mwenye haraka ya kwenda kwao.

"Nani kakwambia?" Mama Pacha aliuliza. Sauti yake mwenyewe aliisikia kama inatoka chumba cha pili.

"Hospitali yenyewe! Nimefungua ile linki yenu mliyotutumia kwa meseji, ya kuangalia hali ya mgonjwa. Nimesoma kwa macho yangu mawili. *Samahani sana. Unayemtafuta hatunaye tena.* Na ua jeupe juu yake. Ua, wifi! Wameweka mpaka ua!"

Hapo ndipo pumzi ya Mama Pacha ilipoanza kurudi, kidogokidogo.

Ua hilo alilijua. Ofisi yao, kitengo cha kompyuta cha hospitali, ilikuwa kwenye ghorofa ya kupanga, upande wa pili wa mji kutoka hospitalini, na kazi yake humo ilikuwa kutunza seva zinazoendesha tovuti ya hospitali. Ndugu wa kila mgonjwa walitumiwa linki na neno la siri. Ukifungua, unaona mgonjwa wako yuko wodi gani, anaendeleaje, amekula au hajala. Watu waliipenda. Tatizo ni kwamba mtu akikosea, au ukurasa ukiwa umeondolewa, zamani seva ilitoa ukurasa mweupe wenye namba na maneno makavu ya mashine, na Afisa Uhusiano, ambaye wote walimwita Bwana Uhusiano, alisema ni aibu kwa hospitali kuongea na watu namna hiyo. Akaandika maneno ya upole, akatafuta na ua, akamwajiri mtu wa nje aje auweke ukurasa huo wakati Mama Pacha yuko likizo. Aliporudi aliuona, akausifu ua, akaendelea na mambo mengine. Hakuwahi kuusoma kwa macho ya mtu mwenye mgonjwa.

"Wifi, nisikilize. Acha kulia kidogo tu unisikilize. Seva haijui kama mtu amekufa. Hakuna mahali humo ndani panapoandikwa kifo. Kifo anakisema daktari, kwa mdomo wake, mmekaa naye."

"Sasa hiyo imesema nini?"

"Imesema ukurasa haupo."

"Mimi nilikwenda shule, wifi! Ukurasa ni *haupo*. *Hatunaye* ni mtu!"

Mama Pacha akainuka sakafuni.

"Sawa. Usimwambie mtu kwanza. Nipe muda kidogo." Upande wa pili Msusi akakohoa. "Wifi? Umeshawaambia watu?"

"Nimemwambia kaka tu."

"Mume wangu?"

"Na mjomba. Na shangazi mkubwa." Akavuta kamasi. "Na kwenye kundi la familia."

Mama Pacha alikata simu, akampigia mumewe. Haikupokelewa. Baba Pacha alikuwa mchomeleaji wa mageti, na siku hiyo alikuwa juu ya paa la ghala fulani. Kibarua wake aliyekuwa chini ndiye aliyepokea mwishowe, akasema bosi ameshuka mbio na miwani ya kuchomelea usoni, kadandia pikipiki ya mteja bila hata kuuliza, kaelekea hospitali.

Mama Pacha akaenda kwenye meza yake. Alikosea neno lake la siri kama mgeni. Kumwambia wifi yake kwamba mashine haijui kifo ni jambo moja. Kuliamini mwenyewe, wakati mama mkwe wake ni mtu mzima mwenye kidonda kibichi cha kushonwa, ni jambo jingine. Daktari naye huchelewa kupiga simu. Watu hufa asubuhi.

Tovuti ile ilikuwa na seva mbili. Ya mbele ilikuwa kama mpokezi: ndiyo inayoonana na watu, inapokea maombi na kurudisha majibu. Ya nyuma ndiyo iliyoshika habari za wagonjwa, na haionani na mtu yeyote moja kwa moja. Mama Pacha aliijaribu kwanza linki ya familia kwa simu yake. Ua jeupe likamkodolea. Kisha akaenda seva ya nyuma, mlango wa uani kama walivyouita ofisini, akaiuliza swali lilelile.

Seva ya nyuma ikajibu kwa namba: mia nne na nne. Kwa lugha ya seva zote duniani, maana yake ni moja tu: anuani hii uliyoniletea haina kitu. Haikutaja ua wala samahani. Haikumtaja mtu.

Akaacha linki ile ya zamani, akaingiza namba ya mgonjwa na neno la siri la familia, kama ndugu yeyote anavyoruhusiwa. Ukurasa ukafunguka.

*Wodi: Mazoezi ya Viungo. Kitanda: dirishani. Hali: nzuri. Amekula: ndiyo.*

Alilisoma lile "ndiyo" mpaka likaacha kuwa neno. Bibi Cherehani alihamishwa wodi asubuhi ile. Anuani ya ukurasa wake ilikuwa na jina la wodi ndani yake, kwa hiyo alipohama, anuani mpya ikazaliwa na ya zamani ikafa. Kilichokufa siku hiyo kilikuwa hicho tu.

Hata hivyo hakuridhika na maandishi. Alipiga simu wodini.

"Yule bibi wa dirishani?" nesi akasema, akicheka. "Subiri, nampelekea simu. Ananifundisha kupinda pazia."

"Nani?" ikaja sauti, kavu na yenye haraka, sauti ya mtu aliyekatizwa kazi.

"Mama, ni mimi."

"Mbona unahema kama umebeba gunia?"

"Mama, samahani. Watu nyumbani wamepata habari kwamba umefariki."

"Nimefariki lini?"

"Leo asubuhi."

"Leo asubuhi! Na mimi nimelala hapa nanyooshwa mguu, hakuna hata mmoja aliyekuja kuniambia!"

Mama Pacha akacheka, machozi yakamtoka, akacheka tena. Akamuunganisha Msusi kwenye simu ileile.

"Msusi," alisema Bibi Cherehani, "nyamaza. Ni mimi."

Msusi hakunyamaza. Alipiga ukelele mkubwa kuliko ule wa kwanza, na kwa mujibu wa wateja wake, ndipo mama mmoja aliyekuwa amesukwa nusu ya kichwa akatoka mbio na nusu ile ile.

"Walioleta viti wavirudishe," Bibi aliendelea, kila neno limekatwa kwa mkasi. "Mjomba wenu asichinje kitu. Na yule aliyelia kidogo, nitamjua nikitoka."

Simu ilipokatwa, Mama Pacha angeweza kuishia hapo. Angekwenda hospitali kumshika mama mkwe wake mkono, kisha kesho yake aje kulishughulikia jambo hili kiofisi, kwa utaratibu. Ila macho yake yalikuwa yamebaki kwenye kioo, kwenye kumbukumbu za seva ya mbele, ambazo huandika mstari kila mtu anapofungua ukurasa. Mistari ilikuwa ikishuka. Akaona kitu.

Majibu mengi yalikuwa na ukubwa mmoja. Kurasa za wagonjwa hazilingani: huyu habari zake ndefu, yule fupi. Lakini hapa mstari baada ya mstari ulibeba jibu la uzito uleule, kama mikate iliyotoka kwenye kopo moja. Akaupima ukurasa wa ua. Uzito wake ulikuwa huohuo.

Kila mstari ulikuwa mtu. Mtoto wa mtu, mke wa mtu, mahali fulani kwenye kituo au jikoni au darasani, ameshika simu, anasoma kwamba anayemtafuta hatunaye tena. Wengine ukurasa ule ulikuwa umewafungukia dakika hiyohiyo anatazama.

Na pembeni ya kila mstari seva ilikuwa imeandika mia mbili. Mia mbili ni sawa. Mia mbili ni hamna tatizo, aliyeomba amepewa. Ukutani, ubao wa kioo unaoonyesha afya ya tovuti ulikuwa kijani kibichi toka juu mpaka chini.

Aliinuka, akaenda chumba cha mikutano, akaingia bila kubisha hodi. Mkuu wa kitengo alikuwa amekaa na Bwana Uhusiano, wanapanga kalenda ya mwaka.

"Naomba ruhusa niondoe ukurasa wa samahani. Sasa hivi."

"Ule wenye ua?" Bwana Uhusiano akauliza, amekunja uso. "Kwani hauonekani vizuri kwenye simu?"

"Unaonekana vizuri kupita kiasi. Mama mkwe wangu ameliliwa na nyumba nzima, na yuko hai, ananyooshwa mguu."

Bwana Uhusiano akatoa simu yake, akaufungua ukurasa wake mwenyewe. Midomo ilikuwa ikicheza wakati anasoma. Alipofika mwisho, aliiweka simu mezani kifudifudi.

"Nilimaanisha ukurasa," alisema.

"Najua."

"Nilitaka lugha ya upole. Mtu asijisikie amefukuzwa."

"Najua, kaka. Upole wako hauna kosa. Umepelekwa nyumba isiyo yake."

Mkuu alikuwa mtu wa kufikiri polepole, na kwa kawaida hilo lilimkera Mama Pacha. Siku hiyo alifikiri haraka. "Ukiondoa, wataona nini?"

"Ukurasa mweupe wenye maneno makavu. Mbaya kama ukuta wa stoo. Lakini hakuna atakayeweka msiba kwa ajili yake."

"Ondoa."

Aliondoa. Akaweka mahali pake sentensi moja: *Ukurasa huu haupo.* Kisha akaiuliza seva kwa amri ya maandishi, bila kupitia kivinjari, ili aone jibu likiwa uchi, na namba yake juu.

Mia mbili.

Akakunja mikono ya blauzi. Maneno yalikuwa yamebadilika, namba haikubadilika. Mashine ilikuwa inasema "haupo" kwa mdomo huku inatikisa kichwa kwamba mambo ni sawa. Ukiacha hivyo, ubao wa ukutani utaendelea kuwa kijani milele, na siku nyingine kosa jingine litajificha humohumo.

Ilimchukua muda kulipata, na alipolipata aliwaita wakubwa wake wawili waone, maana lilikuwa jambo la kuona kwa macho.

"Tazameni. Mtu anakuja, anauliza kitu ambacho hakipo. Seva ya nyuma inasema kweli: mia nne na nne. Lakini yule mtu wa nje aliiagiza seva ya mbele kwamba kila ikipewa jibu baya, la aina yoyote, imtoe mgeni pale na kumpeleka ukurasa mwingine, ukurasa wa samahani. Sasa ukurasa wa samahani wenyewe upo, si ndiyo? Kwa hiyo ukifunguka, seva inaandika: ameomba ukurasa, amepewa, mia mbili."

"Ni kama mpokezi," Mkuu akasema polepole, "anayekwambia daktari hayupo, anakukalisha kwenye benchi, halafu anaandika umehudumiwa."

"Hapo hapo, Mkuu."

"Na kila jibu baya linapelekwa huko?" Bwana Uhusiano akauliza.

"Kila jibu. Aliyekosea herufi, ua. Mgonjwa amehama wodi, ua. Mgonjwa ameruhusiwa yuko nyumbani anaangalia runinga, ua. Seva yenyewe ikielemewa, ua."

Alifuta agizo lile, akaandika jipya: maneno yaje, lakini yaje na namba yao ya asili, bila kumhamisha mgeni mahali. Kabla ya kuiwasha upya seva aliipima kwanza, kama alivyofundishwa na kama alivyowafundisha wengine, na ikamkatalia. Alikuwa amesahau nuktamkato mwishoni mwa mstari. Akaiweka. Akapima tena, ikakubali. Akaiuliza.

Mia nne na nne.

Mkuu akapiga kelele, kwa sababu alikuwa amegeukia ukutani.

"Mbona kumekuwa kwekundu? Kila mahali! Kumeharibika nini?"

"Hakujaharibika kitu, Mkuu," alisema Mama Pacha. "Kumeanza kusema kweli."

Alisimama mbele ya ule ubao mwekundu mikono kiunoni, na kama kuna mtu angempiga picha wakati ule, angedhani amesimama mbele ya nyumba aliyoijenga. Miaka yote aliyofanya kazi hiyo aliuombea ubao huo ubaki kijani. Leo wekundu wake ulimpendeza. Kila doa jekundu lilikuwa na namba, na kila namba ilikuwa na sababu, na sababu ikijulikana inatibika.

Zilizokuwa mia tano na tatu ndizo zilizomuuma. Hizo zilikuwa za seva ya nyuma kuelemewa. Kila ulipokaribia muda wa kutembelea wagonjwa, ndugu wote walifungua kurasa kwa pamoja, seva ikashindwa, na badala ya kuambiwa wasubiri kidogo, walipewa ua. Akaongeza idadi ya maombi ambayo seva ile iliruhusiwa kupokea kwa mpigo mmoja, maana mashine ilikuwa na nguvu, ila ilikuwa imefungwa kamba fupi. Wekundu ule ukapungua mbele ya macho yao.

Kisha wakakaa, watatu, kuandika maneno mapya. Anuani ya zamani ya mgonjwa aliyehama, Mama Pacha aliielekeza imfuate kwenye wodi mpya. Aliyeruhusiwa alipewa namba yake, mia nne na kumi, ambayo kwa lugha ya seva ni kitu kilichokuwepo kikaondolewa kwa makusudi, usikitafute tena hapa.

"Na waliofariki kweli?" Bwana Uhusiano akauliza kwa sauti ya chini.

Ndilo swali ambalo kila mmoja alikuwa analizunguka.

"Hao mashine isiwaseme," alijibu Mama Pacha. "Ukurasa wao useme: tupigie simu, namba hii, kuna mtu atapokea. Na namba hiyo tuiweke kwenye kurasa zote, za aliyekosea herufi na za aliyeruhusiwa, ili kuiona tu isiwe tangazo."

Bwana Uhusiano akaliandika. "Hilo nisingelifikiria," alisema.

"Hata mimi jana nisingelifikiria."

Akampigia wifi yake.

"Umetulia?"

"Nakunywa maji," alisema Msusi. "Jagi la pili hili."

"Nataka unisaidie kazi."

"Mimi? Hiyo kazi yako ya kubonyezabonyeza kwenye kiyoyozi?"

"Hiyohiyo. Nitakutumia linki za mgonjwa wa majaribio, si mtu wa kweli. Wewe soma kwa sauti, uniambie: ukisoma hapa, unalia au hulii?"

Msusi akaweka simu kwenye spika, juu ya meza ya vitana, na saluni yote ikasogea. Bwana Uhusiano alikuwa ameandika ya kwanza kwa makini sana. Msusi akaisoma:

"*Mgonjwa wako amehamia mahali palipo bora zaidi.*"

Saluni ililipuka. "Hapo tumelia sote!" mteja mmoja akapiga kelele. "Wifi," alisema Msusi, "muulize huyo bwana, mahali bora ni wodi au ni mbinguni?"

Bwana Uhusiano alijifunika uso kwa mikono miwili. Akaandika nyingine.

"*Mgonjwa wako ameondoka.* Ameondoka kwenda wapi? Jamani, huyu mtu anaua watu kwa kalamu!"

Wakafuta, wakaandika, wakafuta. Bwana Uhusiano alianza kucheka na yeye, na alipoanza kucheka ndipo alipoanza kuandika kama mtu anayeongea. Mwisho Msusi akasoma:

"*Mgonjwa wako amebadilishiwa wodi. Tunakupeleka kwenye ukurasa wake mpya.*" Akaigeukia saluni, kisha simu. "Hapo sawa. Hapo silii. Hapo nabeba chakula nakuja."

La aliyeruhusiwa likapita bila kelele: *Mgonjwa wako ameruhusiwa kurudi nyumbani.* La seva kuelemewa Msusi alilisoma mara mbili, kisha akatoa amri. "Ongeza hapo: *Shida hii ni ya kompyuta, si ya mgonjwa wako.* Mtu akiona kitu kimegoma, roho inakwenda kwa mgonjwa kwanza. Mtulize hapohapo."

Mkuu mwenyewe ndiye aliyesema, "Andika alivyosema."

"Na chini kabisa," Msusi akamalizia, "wekeni: *Imepitishwa na saluni.*"

Hilo hawakuliweka.

Muda wa kutembelea wagonjwa ulipofika, Mkuu alimwambia Mama Pacha aende, atabaki yeye kuutazama ubao. Alifika wodini akiwa bado na vumbi la kabati la seva kwenye magoti. Mumewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, miwani ya kuchomelea imepanda kwenye paji la uso, ameshika mguu mzima wa mama yake kama anaogopa utapotea. Msusi alikuwa amefika, amebeba chakula cha kulisha wodi. Na Bibi Cherehani alikuwa ameegemea mito, pazia la hospitali mapajani, sindano mkononi, watu wa vitanda jirani wote wamegeukia kwake.

"Huyu hapa!" alisema. "Huyu ndiye niliyekuwa nawaambia. Nilikufa leo asubuhi, huyu akanitoa."

"Mama..."

"Kuna namba," Bibi akawaeleza kama alivyohadithiwa na Msusi, sindano ikionyesha hewani. "Mia nne na nne ni huna adabu umekosea mlango. Mia tano na kitu ni watu wamejaa, subiri. Sasa zilikuwa zimevaa nguo moja zote, huwezi kujua ipi ni ipi. Mkwe wangu kazivua, kaishonea kila moja ya kwake." Akanyamaza ili liwaingie. "Ni fundi, huyu."

Baba Pacha aliinua kichwa, akamtazama mkewe. Bibi Cherehani hakuwa mtu wa kugawa neno hilo ovyo. Mwanawe mwenyewe alichomelea mageti miaka mingi kabla hajaitwa fundi na mama yake, na siku aliyoitwa alirudi nyumbani akaisimulia mpaka chakula kikapoa. Mama Pacha alihisi masikio yake yanapata moto. Alitaka kumsahihisha mama mkwe kuhusu ile habari ya adabu, lakini akaona haina haja. Msusi, pembeni, alikuwa tayari anamweleza nesi jinsi saluni yake ilivyochagua maneno.

Ndipo dada mmoja mwenye kilemba cha buluu akatoka upande wa pili wa wodi, alikokuwa amekaa na mzee aliyekuwa akijifunza kutembea kwa magongo. Alisimama mbele ya Mama Pacha, akasita.

"Ule ukurasa wenye ua," alisema. "Ni wewe umeuondoa?"

"Ndiyo."

"Sisi tuliusoma wiki iliyopita. Baba alikuwa amehamishwa tu. Mama yangu alianguka palepale uani. Mpaka leo simu ikiwaka anashika ukuta."

Aliuchukua mkono wa kulia wa Mama Pacha kwa mikono yake miwili, akaukumbatia kifuani, akafumba macho. Mama Pacha akamwacha. Alitazama juu ya kile kilemba, akamwona yule mzee akivuka nafasi kati ya kitanda na kitanda, gongo, mguu, gongo, mguu, ametoa ulimi kidogo kwa bidii. Mama Pacha naye alisimama wima kuliko alivyowahi kusimama mbele ya mtu yeyote.

Kisha Bibi Cherehani akakata uzi kwa meno.

"Basi, mwanangu, mwachie mkono," alisema taratibu. "Mkono huo kesho una kazi."